Bilauri ya Kwanza ya Pasaka

Povu lilifurika ukingo wa bilauri, likamtambalia Walburga kidoleni. Alilifuta kwa aproni. Mpika bia mwingine yeyote angelilamba.

Lakini tangu Jumatano ya Majivu hakuwa ameonja bia hata tone. Ilikuwa nadhiri yake, ili baba yake apone. Bia yote ya ngano ya Pasaka, makreti arobaini, aliipika kwa macho, kwa pua na kwa kipimajoto, peke yake kwa mara ya kwanza, huku baba, mzee Kastulus, akikohoa chumba cha juu. Kwaresima sasa ilikuwa imekwisha, ila katika nyumba ile bilauri ya kwanza ni ya mwenye kiwanda, na hakuna anayemtangulia.

Baba hakupona. Daktari alikuwa ameacha kutaja miezi, anataja wiki.

Asubuhi hiyo walimteremsha ngazi akiwa kitini, wakamweka mezani mbele ya kikapu kilichotoka kubarikiwa kanisani: mkate, paja la nguruwe, mayai mekundu, chumvi, na ule mzizi mkali wa kukunwa unaomtoa mtu machozi. Kando ya kikapu kulikuwa na karatasi. Kampuni moja ya mjini ilitaka kununua kiwanda, jina na yote, na aliyeileta ni Sepp, mdogo wake mzee.

"Tia sahihi tu, kaka," Sepp alisema. "Huyu binti yako Burgi ni mtoto mzuri, sikatai. Lakini kupika bia si kukanda mkate."

"Nitaonja bia yake kwanza. Ikiwa nzuri, kiwanda ni chake. Ikiwa mbaya, kalamu unayo."

Walburga alisimama nyuma ya kiti. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na tangu utotoni hakuwa ametaka kitu kingine duniani zaidi ya kile kiwanda. Tena alimjua baba yake. Huyu ndiye aliyemwaga matangi mawili kwa sababu ya harufu ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Ndiye aliyetema bia ya jirani kwenye harusi ya jirani huyohuyo. Ulimi wake haukuwa na huruma kwa mtu.

Aliizungusha chupa kuamsha hamira iliyolala chini, akamalizia kuijaza bilauri, akamkabidhi.

Mzee alinusa. Alipiga funda moja, akalishikilia mdomoni kwa muda mrefu, kisha akameza. Macho yakamjaa machozi.

"Vipi?" Sepp aliuliza.

"Huu mzizi wenu," mzee alisema, akijipangusa. "Nani kaukuna hivi? Anataka kuniua kabla ya siku zangu?"

Watu wakacheka. Akapiga funda la pili.

"Karafuu," alisema polepole. "Halafu ndizi mbivu, ile iliyoanza madoadoa. Mwisho ngano, kama ganda la mkate wa moto."

Karafuu na ndizi hakuna aliyetia. Hamira ndiyo huzua ladha hizo yenyewe, ikipata mpishi anayeijua. Walburga akashika mgongo wa kiti.

Kwa desturi bilauri ya kwanza huzunguka meza nzima, kila mtu na funda lake. Sepp alinyoosha mkono. Mzee akaivuta bilauri kifuani.

"Ngoja kwanza."

Akanywa tena. Alipumzika, akanywa tena, maana kumeza kulimchosha. Kwa miezi miwili hakuwa amemaliza hata kikombe cha supu, lakini bilauri ile aliimaliza, na tone la mwisho akalisubiri limdondokee mdomoni.

"Uchoyo huu utakwenda nao kaburini," Sepp alisema.

"Nakwenda nao. Na makreti yaliyobaki yasiguswe. Ya Pasaka yote ni yangu." Akaisukuma ile karatasi upande wa mdogo wake. "Washia jiko."

Walburga alipomrudisha kitandani, mzee alimshika mkono.

"Sikukuu ikiisha, upike nyingine."

"Nyingine ya nini, baba, na makreti yamejaa?"

"Upike tu, Burgi. Na safari hii uwe unaonja kila siku. Nadhiri imekwisha."

"Sawa, baba."

Aliyachukulia kuwa maneno ya mgonjwa, akamfunika miguu.

Mzee Kastulus alifariki Ijumaa. Walimzika Jumanne mvua ikinyesha, na Walburga alilia mpaka sauti ikamkauka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba baba yake alikuwa amemsifu mara moja tu maishani, na hata wiki haikuisha akawa hayupo. Alitaka kumsikia akiyasema tena yale maneno, karafuu na ndizi mbivu, kwa sauti ile ya kukwaruza.

Kwenye chakula cha mazishi kila mtu aliulizia bia ambayo mzee aligoma kuigawa. Sepp mwenyewe ndiye aliyekwenda kuleta chupa.

"Aliyetukataza hayupo," alisema, safari hii bila utani. "Mwenye kiwanda sasa ni wewe. Onja, kisha utupokeze. Tumnywee."

Walburga aliizungusha chupa, akamimina. Akapiga funda moja, akalishikilia mdomoni.

Ilikuwa imechacha tangu tangini, ya kutema.

"Vipi?" Sepp aliuliza, mkono keshaunyoosha.

"Karafuu," Walburga alisema, akaivuta bilauri kifuani.