Kucha za Saluni

Trrr. Umeme ulikuwa umekatika, na simu ya mume wangu ilitetemeka gizani juu ya sahani ya bati.

Niliiwahi mimi. "Akaunti yako imefunguliwa kwenye simu nyingine."

Wivu ukanipanda. "Kumbe nywila umempa huyo mke mwenzangu wa siri?"

"Mwenzio yupi tena? Sijampa mtu."

"Basi ameifungua kwa miujiza."

Mwanga wa simu ukamulika kucha zangu, rangi ya saluni ya juzi bado inang'aa. Nikakunja vidole. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alishatuonya kwamba intaneti ya bure ina wezi wa nywila.

"Nitamjua tu aliyeitoa," akasema mume wangu.

Binti yetu akainua kichwa mkekani. "Baba, juzi mama aliandika nywila yako kwenye simu yake, akasoma meseji zako saluni, kwa intaneti ya bure."