Mtungi wa Wiki Tano

Gertrude alipomkimbia mumewe na kurudi kwa dada yake mara ya nne, mkono wake ulikuwa umefungwa kwa ubao na kitambaa. Safari hii Tryphena hakulia. Alipanda kigoda, akashusha kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya kabati, akakibandua kifuniko kwa ncha ya kisu.

Ndani mlikuwa na maua makavu ya kijani, yenye harufu kali kama majani ya mlimau yaliyofikichwa.

"Ni nini hicho, dada?"

"Hopsi. Ndiyo huipa bia ya dukani uchungu wake."

Tryphena alikuwa amepika miaka tisa nyumbani kwa meneja wa shamba la mkonge kule Voi, Mzungu aliyejitengenezea bia yake mwenyewe stoo. Mzungu huyo alipougua ini aliacha wiski, akaacha divai, lakini bia yake aliendelea kuinywa mpaka siku aliyorudi kwao. Kopo hilo ndilo alilomwachia mpishi wake.

Ilikuwa Julai 1974, na baridi ya Wundanyi ilikuwa ya kukata masikio. Baridi hiyo ndiyo aliyoihitaji Tryphena. Alichemsha kimea cha wimbi kwa maji ya chemchemi, akatia maua mara tatu: maji yalipoanza kutokota, katikati, na alipokuwa karibu kuepua. Gertrude alichungulia sufuria.

"Kimea mbona kiduchu?"

"Kinatosha kazi yake."

Mtungi aliuzika hadi shingoni kwenye tope kando ya kijito, chini ya migomba, ukae humo wiki tano uchachuke polepole. Kila asubuhi alikwenda kuugusa, kama mama anayegusa paji la uso la mtoto mgonjwa.

Gertrude alianza kukosa usingizi. "Dada, yule ni baba wa watoto wangu. Usinitie kwenye damu yake."

"Nitamnywesha tu," alisema Tryphena. "Si anapenda kunywa?"

Obadiah, mume wa Gertrude, alikuwa karani wa stesheni ya Voi. Alikuja Jumamosi ya mwisho wa Agosti, viatu vikimetameta, na wazee watatu na mbuzi mmoja. Kila mara alikuja hivyo. Mara ya kwanza wazee waliamua kwamba kosa lilikuwa la pombe. Mara ya pili, pombe. Mara ya tatu walimwita mama aliyemwuzia, wakamfokea mpaka akalia. Kisha watu walikunywa kikombe cha kupatana, na Gertrude akajitwika mzigo wake akamfuata mumewe.

"Karibuni, wazee," Tryphena alisema. "Leo tunywe kwanza, maneno baadaye. Hii ni bia ya Wazungu. Polepole, inapiga kama nyundo."

Mzee Danson, mkubwa wao, alionja akakunja uso. "Eh! Chungu kama mwarobaini!"

"Dawa ni chungu, mzee."

Obadiah alicheka. "Shemeji, wataka kuniua?"

Tryphena alimjazia tena. Gertrude aliinamisha kichwa, hakutaka kuona.

Walikunywa. Kikombe cha pili, cha tatu, cha tano. Mzee Thadeus alitoka nje mara nne. "Bia gani hii?" alilalamika akirudi, huku akifunga mshipi. "Inanikojoza tu, kichwa kiko palepale!"

"Uzee huo, mzee," Obadiah alimtania, ulimi ukiwa tayari mzito. "Wewe huoni kitu. Mimi nawaona wazee sita hapa!"

Alipomaliza cha sita alikuwa akiyumba kitini. Mzee Danson aliona wakati umefika. "Gertrude, mwanangu, mume wako amekuja na heshima zake. Utarudi naye?"

Gertrude alijibu kwa sauti ndogo, lakini kila mtu aliisikia.

"Sirudi."

Obadiah aliinuka, akapepesuka, mkono ukiwa juu. Tryphena, aliyekuwa amesimama kando ya mdogo wake muda wote huo, aliingia katikati. Kofi likampata yeye. Mdomo ukapasuka.

Obadiah alijishika kichwa, akaegemea ukuta, akaanza kulia. "Pombe, wazee wangu! Si mimi! Ni pombe!"

Mzee Danson alitikisa kichwa kwa huzuni. "Tumejionea wenyewe. Mama Tryphena, umempa kali mno. Kosa ni la mtungi wako."

Tryphena alijifuta damu kwa ncha ya kanga. Hakuonekana kushangaa.

"Mzee Thadeus, umekunywa vikombe vingapi?"

"Saba."

"Na shemeji?"

"Sita."

"Hebu simama kwa mguu mmoja, mzee wangu."

Mzee Thadeus alicheka, kisha akaona Tryphena hatanii. Aliinuka, akakunja goti, akasimama wima kama nguzo ya simu. Mzee Danson alimtazama, naye akainuka polepole akajaribu. Kisha na yule wa tatu. Wazee watatu, miguu mitatu sakafuni, na hakuna hata mmoja aliyetikisika.

"Mnaweza kusimama hivyo mpaka jioni," Tryphena alisema. "Daktari alimruhusu Mzungu wangu bia hii kwa sababu haiwezi kulewesha hata kifaranga."

Mzee Danson alishusha mguu wake, akageuka.

Pale ukutani, Obadiah aliacha kuyumba.