Karani Hajipi Likizo

Mlango ulikuwa umefungwa tena. Karani alizungusha kitasa kushoto, akakizungusha kulia, kisha akarudi mezani kama mtu aliyekumbuka kazi. Ofisi gani hii, ya kumfungia mtumishi ndani kama kuku aliyenunuliwa jana?

Kazi yake ilikuwa likizo. Si kwenda, bali kuzitoa. Walimu, madereva, wauguzi, wote walipita mezani kwake, akawapigia muhuri, pwa! wakaondoka wanacheka. Leo hakuja mtu. Alikuwapo mteja mmoja tu, chumba cha pili, aliyelia tangu asubuhi bila kusema shida yake ni nini. Halafu kuna mtu alikuwa anakaanga vitunguu. Ofisini! Nidhamu ilikuwa imekwisha kabisa.

Funguo zililia nje. Bosi akaingia, amevaa lile koti lake la kijivu, vifungo vimepishana, funguo zinaning'inia shingoni kwa kamba nyekundu. Mwanamke kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wakubwa wa siku hizi, karani aliwaza, wanapewa vyeo kabla hawajajifunza kulala.

"Mzee, chai yako inapoa."

"Chai baadaye, mama. Nina ombi. Naomba likizo."

Bosi akakaa kwenye pembe ya meza. "Si tuliongea jana, mzee? Na juzi."

"Jana sikuwa mimi."

Bosi akausukuma ule muhuri kwa kidole, akajaribu kutabasamu. "Huu hapa, uko mkononi mwako miaka yote. Mbona hujajipigia ukaenda zako?"

"Mimi? Toba! Karani hajipi likizo. Neno lenyewe unajua limetoka wapi? Aliyenifundisha kazi aliniambia ni la Wareno, na kwao lilikuwa ruhusa. Ruhusa, mama! Mtu hajiruhusu. Anaruhusiwa na mwenzake."

"Hilo unalikumbuka," bosi alisema polepole.

"Nisikumbuke vipi? Ndiyo kazi yangu."

Chumba cha pili mteja akapandisha sauti. Bosi akainuka. Karani akaona nafasi inamponyoka, akamshika mkono wa koti.

"Nina binti, mama. Huyo huyo mmoja. Sijamwona siku nyingi, kazi imenibana humu. Nasikia ana mtoto sasa." Akakohoa. "Naogopa asije akadhani nimemsahau."

Bosi akageuka dirishani. Akazishika nondo za dirisha, amempa karani mgongo, na mteja akaachwa alie. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umelowa.

"Lete muhuri."

Wino ulikuwa umekauka zamani. Bosi akaupulizia pumzi, akaukandamiza kwenye pembe ya gazeti lililokuwa mezani kwa uzito wake wote, mpaka likabaki duara hafifu la kukisia. Karani akakichana kile kipande, akakikunja, akakitia mfuko wa shati na kuupigapiga mfuko.

"Sasa nisikilize, mzee. Kwa binti yako si mbali. Ukitoka, geuka kulia, weka mkono ukutani. Usiuondoe. Barabara usivuke. Nenda tu na ukuta, mpaka mkono ukute mlango wa kijani. Gonga hapo."

"Ukuta, mlango wa kijani."

"Na barabara?"

"Mama, mimi si mtoto."

Ufunguo ukazunguka. Mwanga ukampiga usoni, akasimama kidogo, amekunja jicho, kama mfungwa aliyeitwa jina asiamini. Kisha akaweka kiganja ukutani, akaanza kwenda.

Matofali yalikuwa ya moto, yakimkwaruza. Barabarani magari yalipita, na mguu mmoja ukataka kuyafuata, lakini mkono ukakataa. Ruhusa ni ruhusa. Ukuta ukapinda kona, ukaingia kivulini, ukawa baridi. Humo ndani alisikia miguu inakimbia, sufuria ikianguka, na yule mteja akinyamaza ghafla. Afadhali, karani aliwaza. Amehudumiwa hatimaye.

Mkono ukagusa mbao. Kijani.

Akanyoosha kola. Moyo ulimwenda mbio kama wa kijana aliyekwenda kuposa. Akagonga.

Mlango ukafunguliwa na binti yake, anahema, mtoto kiunoni. Alikuwa amekonda. Karani alikuwa ameandaa maneno njia nzima, na yote yakayeyuka. Akatoa kile kipande cha gazeti, akakinyoosha mbele kwa mikono miwili, aone kwamba hakutoroka.

Mtoto alikuwa anatafuna funguo, zilizoning'inia kwa kamba nyekundu shingoni mwa mama yake.

"Karibu nyumbani, baba," binti alisema. "Wamekupa siku ngapi?"