Choo Kinachozunguka Bure

Choo cha paka cha umeme, kinachojisafisha paka akitoka, kilizunguka tena, chenyewe, kikachekecha mchanga, kikatulia.

Kinyozi alipiga magoti mbele yake, bisibisi mkononi. Paka alikuwa ametoweka wiki nzima, sasa hii mashine ilikuwa ikimsafishia nani? Alishafuta jicho la mashine linalomhisi paka, alishachomoa waya na kuuchomeka upya, lakini wapi.

"Imeingiwa na wazimu," alisema.

"Hebu angalia droo ya uchafu," alisema mkewe, aliyekuwa akimenya chungwa kwenye kochi. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa kumlilia paka.

Akaivuta. Mlikuwa na donge moja la mchanga, bado limelowa. Alilibonyeza kwa ncha ya bisibisi, likabonyea. Akapiga chafya, zile chafya zake za miaka yote ya kuishi na yule paka.

"Basi amerudi," mkewe alisema, akainama kuchungulia chini ya kochi.

Kinyozi alilikodolea donge macho. Halikumwingia akilini hata kidogo.

"Haiwezekani. Kutoka kule kwenye kiwanda cha matofali mpaka hapa, paka ataijuaje njia?"

Mkewe aliinuka taratibu. Ganda la chungwa lilikuwa bado linaning'inia mkononi mwake.

"Kutoka kule wapi?"