Kibandiko cha Mzee Shekue

Siku hizi kila mzee wa kiume hubandikwa kibandiko cha istrojeni begani, ili damu ikipungua kichwani ubongo usidhurike na kumbukumbu zisipotee. Mzee Shekue aliona haya. "Homoni ya kike, mimi na ndevu zangu?" Akakibandika kibandiko chake kwa jogoo wake, chini ya bawa. Mashine ya kukagua kama kibandiko kimevaliwa ilihisi joto la mwili, ikaridhika.

Jogoo akalainika, akaacha kuwika, akawa anaatamia mayai huku akisinzia.

"Baba Chausiku, jogoo umemfanya nini?" mkewe aliuliza, akimpa kahawa.

Mzee alimtazama kwa upole, kama mtu anayeelea ndotoni. "Ahsante, bibie. Wewe ni mke wa nani?"

"Wa jirani yako!" akacheka, maana ndivyo walivyozoea kutaniana.

Mzee akainamisha kichwa kwa adabu, akasogea mwisho wa mkeka, kumheshimu mke wa watu.