Hasira za Kukodi

"Rudieni!" Harjit alifoka kwa Kiingereza chake cha Hollywood. "Mnanyang'anywa shamba, nanyi mnalalamika kama kwaya ya kanisani!"

Huyu ndiye prodyuza aliyejaza kabati tuzo. Magazeti humsifu kwa jambo moja: umati katika filamu zake hukasirika kikweli. Leo alikodi Waswahili wa London, akawasimamisha peku kwenye uwanja wa tope nje kidogo ya Hounslow, baridi ya Januari inawatafuna. Chakula cha mchana hakikuonekana.

"Semeni lolote kwa Kiswahili," alikuwa amewaambia asubuhi. "Maandishi ya Kiingereza tutaweka wenyewe."

Vaileth, aliyetoka kwenye kazi yake ya kulea wazee akaja moja kwa moja, angevumilia. Alitaka sana kuonekana kwenye filamu. Mama yake kule Moshi alishawatangazia majirani. Tatizo lilikuwa Bi Keren, kikongwe ambaye hakuna aliyemfahamu kabla ya siku hiyo. Alisimama mbele kabisa, karibu na kamera, akitetemeka.

"Mwanangu, miguu imekufa," alimnong'oneza Vaileth. "Nitaanguka hapa."

Vaileth akamvika koti lake, akamwendea Harjit.

"Sir, yule bibi anahitaji kiti. Please."

"Viti ni vya wapiga picha," Harjit alijibu bila kumtazama. "Asiyetaka kazi aende zake, na kwenye filamu yangu hatoonekana."

Vaileth akarudi mahali pake. Kamera zikawashwa. Bi Keren akaanguka kwenye tope, puu!

Hapo Vaileth akaisahau filamu, akamsahau na mama yake.

"Mbwa wewe!" alimpigia Harjit kelele kwa Kiswahili. "Ulizaliwa na jiwe? Mzee wa watu anakufa, wewe umekodoa macho kwenye kioo cha kamera! Mungu akulaani, wewe na tuzo zako!"

Umati mzima ukalipuka nyuma yake. Watu waliokota tope wakamrushia. Harjit hakusogea hata hatua, tope likimchuruzika shavuni.

"Cut!" akasema.

Vaileth alikuwa ameshapiga magoti, analia kwa hasira, amnyanyue bibi. Lakini Bi Keren aliinuka mwenyewe, akajikung'uta, akavua lile koti na kumrudishia. Kisha akamgeukia prodyuza.

"Harjit, mwanangu," akamwita, "hiyo imetosha, au nianguke tena?"