Achari Kipindi cha Hesabu

"Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu Gershom alijikuna shingo kwanza, ndipo akaitikia marahaba kwa sauti ya chini. Mama Mahfoudha angeweza kumzaa, tena akamlea mpaka akaota ndevu, lakini kila akimwona, shikamoo ndiyo hiyo. Na leo alikuwa na shida, kwa hiyo aliitoa nzimanzima, mkono kifuani.

"Karibu, mama."

Mahfoudha aliurudisha mlango wa chumba cha kompyuta, akaliweka buibui lake sawa, akamsogelea.

"Mwalimu Jerioth ameingiza kosa humo ndani. Nakuomba ulifute."

Gershom aligeukia kioo, akalisoma. "Kuuza achari darasani, kipindi cha hesabu. Mama!"

"Achari ya embe tu. Ya nyumbani, safi. Wallahi halitarudiwa."

"Hii si ubao, ukapangusa ukenda zako. Kengele ya jioni ikilia, mfumo wenyewe unampelekea mzazi ujumbe. Hapa naona namba ya Ihsan."

Mahfoudha aliinama kwenye kioo, akaiona. Ihsan ndiye aliyelipa ada, ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani kwao Utange. Mtu mpole, hapigi kelele, lakini akisema kasema. Na alikwisha kusema: shuleni ni kusoma, achari ibaki jikoni, likisikika kosa moja tu la biashara, masomo yamekwisha. Nafasi ile ya shule ilivyotafutwa, kwa machozi na kubembeleza, Mahfoudha hangekubali ipotee kwa sababu ya embe la pilipili. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa mwakani.

Alitia mkono chini ya buibui, akatoa kifuko kimoja kilichosalia.

"Onja, mwalimu. Usinifutie kwa ajili ya hii. Onja tu."

Gershom alionja. Akaonja tena. Alipofika kipande cha tatu alikuwa ameshajiambia kwamba embe halijawahi kumfelisha mtu. Vidole vikiwa vyekundu, akabonyeza panapofutwa. Mfumo ukamwuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Ukamwuliza jambo jingine. Akabonyeza ndiyo bila kusoma, maana pilipili ilikuwa imemjaza machozi.

"Limekwenda, mama. Hakuna kosa."

"Mungu akuweke, mwalimu."

Mahfoudha alitoka akicheka peke yake. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu, na furaha hiyo ikamfikisha sokoni, akanunua maembe mabichi fungu zima.

Nyumbani alimkuta Ihsan amesimama mlangoni, simu mkononi. Salamu hakuiitikia. Alimsomea polepole, neno kwa neno.

"'Mzazi mpendwa, tunafurahi kukujulisha kuwa kosa la mtoto wako, Mahfoudha Awadh wa kidato cha tatu, la kuuza achari darasani, limefutwa.'"

Akaitia simu mfukoni, akayatazama yale maembe.

"Mama," alisema, "mimi ulinisomesha mpaka nikamaliza, sikukuletea kesi hata moja."